Mrusho Mmoja Una Bei Gani?

Tarehe 28 Mei 2025 Cleveland Guardians walikuwa nyumbani wakicheza besiboli na Los Angeles Dodgers. Awamu ya tisa, ambayo ndiyo ya mwisho, akaingia mrushaji wao Emmanuel Clase kufunga kazi kama alivyozoea. Mbele yake akasimama Andy Pages na gongo lake. Mpira wa kwanza wa Clase ukashuka chini, nje kabisa ya eneo la kupigwa. Mpira kama huo mpigaji akiuacha upite, mwamuzi anauhesabu boli. Pages hakuuacha. Alizungusha gongo, akakosa, ikawa straiki. Guardians wakashinda, wakapeana mikono, watu wakarudi majumbani.

Hati ya mashtaka iliyotolewa miezi michache baadaye inasema kuna watu hawakufurahi usiku ule. Walikuwa wameweka dau kwamba mpira ule utakuwa boli, na mkeka wao ukachanika kwa sababu ya papara ya Pages. Baada ya mechi, mmoja wao akamtumia Clase picha ya mtu anayejinyonga kwa karatasi ya chooni. Clase, kwa madai ya waendesha mashtaka, akajibu kwa picha ya mbwa mdogo mwenye uso wa huzuni.

Sisi huku tumezoea habari za mechi kuuzwa. Tumesikia za makipa wanaoachia mabao na za waamuzi wanaotoa penalti za ajabu dakika ya tisini. Habari hizo huwa na harufu ya giza: bahasha, vitisho, mtu aliyevaa miwani saa mbili usiku. Kilichonishtua katika kesi ya Cleveland ni wepesi wake. Watu wanataniana kwenye simu kama vijana wa kijiweni waliokosa timu moja kwenye mkeka. Timu ya Clase ilishinda, mpira wenyewe ulikuwa mmoja kati ya karibu mia tatu zilizorushwa siku hiyo, na hakuna shabiki uwanjani aliyeona chochote cha kushangaza. Mtu anaweza kufanya jambo hilo na bado akajiambia hajaiuza timu yake.

Kwa msomaji asiyeufahamu sana mchezo huu, maelezo mafupi yanatosha. Mrushaji anamrushia mpigaji. Mpira ukipita ndani ya eneo linalokubalika ni straiki, na straiki tatu mpigaji anatoka. Ukipita nje ni boli, na boli nne mpigaji anatembea bure hadi kituo cha kwanza. Kwa hiyo boli moja, tena ya kwanza kabisa, haina uzito mkubwa. Mrushaji mzuri anaweza kuitoa sadaka na bado akamtoa mpigaji kwa mipira inayofuata. Na Clase hakuwa mrushaji mzuri tu. Mwaka 2024 alifunga mechi 47, yaani aliingia mwishoni akaulinda ushindi, na wastani wa pointi alizoruhusu ulikuwa 0.61 kwa kila awamu tisa, takwimu ambazo ukimsomea mzee wa besiboli atakuomba urudie. Mpira wake ulikuwa ukitoka mkononi kwa kasi ya karibu kilomita 160 kwa saa huku ukikata kona.

Waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani, Brooklyn, walitangaza mashtaka tarehe 9 Novemba 2025 dhidi yake na mwenzake wa timu moja, Luis Ortiz, naye mrushaji, naye mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika. Wanadai Clase alianza Mei 2023 kuwapa wabetiji taarifa ya mpira gani ataurusha vipi: utakuwa boli, au utakuwa chini ya kasi fulani. Ortiz, wanadai, aliingizwa Juni 2025 na kupanga mipira miwili, mmoja tarehe 15 Juni dhidi ya Seattle na mwingine tarehe 27 Juni dhidi ya St. Louis. Malipo yanayotajwa kwa mipira hiyo ni dola 5,000 kwa wa kwanza na 7,000 kwa wa pili, kwa kila mmoja wao. Wabetiji wanadaiwa kuvuna angalau dola 450,000 kwa jumla. Wote wawili wamekana mashtaka, na mpaka mahakama iseme vingine hao ni watuhumiwa tu. Ninachotaka kukijadili hakitegemei hukumu yao.

Swali ambalo kila mtu anauliza ni hili: mtu mwenye mkataba wa dola milioni 20 kwa miaka mitano, aliyekuwa akilipwa dola milioni 4.5 mwaka huo, anatafuta nini kwenye dola 5,000? Ortiz alikuwa karibu na kima cha chini cha ligi, lakini kima chenyewe mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Njaa haipo hapo. Wapo wanaosema ni tamaa, na ni jibu rahisi kwa sababu halihitaji kufikiri. Mimi naona swali lenyewe limeshikwa upande usiofaa. Ukiuliza thamani ya mechi, dola 5,000 ni matusi. Ukiuliza thamani ya boli moja isiyobadilisha chochote, dola 5,000 ni pesa ya bure. Mchezaji ambaye angemfukuza kwa mawe mtu aliyemwambia afungwe mechi, anaweza akamsikiliza jamaa yake anayemwambia: ndugu yangu, mpira mmoja tu, wa kwanza, uangushe chini, nani ataumia?

Na jibu la kweli ni kwamba kabla ya mwaka 2018 jamaa huyo asingekuwa na mahali pa kuupeleka mpira huo.

Hapa ndipo ninapoona kesi halisi ilipo. Mei 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sheria ya nchi nzima iliyozuia majimbo mengi kuruhusu kubeti michezo. Novemba mwaka huohuo ligi kuu ya besiboli, MLB, ilikuwa tayari imesaini mkataba na MGM Resorts. Ligi iliyokuwa imejenga heshima yake yote juu ya ukuta kati ya uwanja na wacheza kamari ilihitaji miezi sita kuweka mlango kwenye ukuta huo. Tangu hapo duka la kubeti limefunguliwa ubavuni mwa uwanja wa Washington Nationals, jingine Wrigley Field kule Chicago, uwanja ambao watu huuzungumzia kana kwamba ni msikiti au kanisa. Mtandao wa televisheni uliorusha mechi za timu kadhaa ulibatizwa jina la kampuni ya kubeti, FanDuel. Takwimu rasmi za ligi, kasi ya kila mpira na mahali ulipopita, zinauzwa kupitia kampuni ya Sportradar, ambayo nayo inazisambaza kwa wenye maduka ya kubeti.

Sasa piga hesabu. Msimu una mechi 2,430. Kila mechi ina mirusho karibu 300. Ni zaidi ya mirusho 700,000 kwa mwaka, na kila mmoja una matokeo yanayojulikana papo hapo, yamepimwa kwa kamera, hayabishaniwi. Tangu 2023 kuna saa inayomlazimisha mrushaji arushe ndani ya sekunde 15 kama vituo viko wazi, yaani hakuna mkimbiaji. Saa hiyo ililetwa kupunguza usingizi wa watazamaji, na kwa kweli iliuokoa mchezo. Nani alitaka kukaa saa tatu na nusu akimtazama mtu anajikuna? Lakini ukitengeneza mchezo ambao kila baada ya sekunde 15 kunatokea jambo dogo lenye jibu la ndiyo au hapana, umemtengenezea mwenye duka la kubeti mashine ya kukamua. Mpira wa miguu hauna kitu kama hicho. Hata kona haiji kwa ratiba.

Mpenzi wa soka atakumbuka sakata la Lucas Paquetá, wakati huo akiwa West Ham, aliyeshtakiwa na chama cha soka cha England mwaka 2024 kwamba alitafuta kadi za njano makusudi ili watu wa kwao wavune kwenye kubeti. Tume huru ilimsafisha Julai 2025. Lakini tazama kesi hiyo ilivyokuwa ngumu: kadi ya njano inahitaji rafu, mwamuzi na hasira. Kwa mrushaji wa besiboli hakuna mtu wa tatu. Yeye ndiye anayeanzisha kila kitu, mpira uko mkononi mwake, na mpaka auachie hakuna mchezo. Katika michezo yote mikubwa sijui kama kuna mtu mwingine ambaye tendo lake moja liko chini yake peke yake kiasi hicho, na ndilo tendo hilo lililowekwa sokoni.

Historia ya kamari katika besiboli ni ndefu, na ligi hupenda kuisimulia kama ushindi wake. Mwaka 1919 Chicago White Sox walipoteza World Series, fainali ya ubingwa, kwa Cincinnati Reds, na baadaye ikabainika wachezaji kadhaa walikuwa wamechukua pesa za wacheza kamari. Mahakama iliwaachia, lakini mwaka 1921 kamishna mpya, Jaji Kenesaw Mountain Landis, akawafungia wanane maisha, akiwemo Joe Jackson, mmoja wa wapigaji bora wa zama zile. Agosti 1989 ikawa zamu ya Pete Rose, mtu aliyepiga mipira iliyofanikiwa 4,256, rekodi ambayo haijafikiwa hadi leo. Alikuwa akibeti mechi za timu aliyokuwa akiifundisha mwenyewe. Alikana kwa miaka kumi na tano, akakiri mwaka 2004, akafa Septemba 2024 akiwa bado nje.

Halafu Mei 2025, kamishna Rob Manfred akatangaza kwamba kifungo cha maisha kinakoma mtu akifa. Rose akatolewa kwenye orodha, na Jackson, na wengine. Rais Donald Trump alikuwa amekutana na Manfred wiki chache kabla na alikuwa akimpigia debe Rose hadharani. Sina shida na msamaha kwa marehemu. Maiti hawezi kubeti. Shida yangu ni picha nzima. Kwa karibu miaka mia moja onyo la kila chumba cha kubadilishia nguo lilikuwa ubao wenye kanuni ya 21: ukibeti besiboli, mwaka mmoja nje, ukibeti mechi unayohusika nayo, maisha. Ubao bado upo. Mchezaji anausoma, anafunga viatu, anatoka uwanjani na kukuta odi za mechi yake mwenyewe zinawaka kwenye tangazo ukutani. Hatuwezi kuwa wakali wa kanuni na walegevu wa mabango, halafu tukajifanya kushangaa kwamba kijana wa miaka 24 hajui mpaka uko wapi.

Ushahidi wa kuchanganyikiwa huko ulitoka Juni 2024. Tucupita Marcano, kijana kutoka Venezuela, alifungiwa maisha kwa kubeti zaidi ya dola 150,000 kwenye besiboli, zikiwemo mechi 25 za Pittsburgh Pirates akiwa kwenye orodha ya majeruhi wa timu hiyohiyo. Kichekesho cha uchungu ni kwamba kwenye mikeka yake ya ligi kuu alipatia asilimia 4.3 tu. Mtu wa ndani kabisa, anayekaa na timu, anayejua bega la nani linauma, alichanika kuliko muuza chipsi wa Temeke anayebeti kwa kuangalia majina. Siku hiyohiyo wachezaji wengine wanne walifungiwa mwaka mmoja. Mmoja wao, Michael Kelly, jumla ya madau yake yote haikufika dola 100, na aliyaweka mwaka 2021 akiwa ligi ya chini. Enzi hizo, kabla ya wachezaji wa ligi za chini kuwa na mkataba wao wa kwanza mwaka 2023, mtu wa Triple-A, ngazi moja tu kabla ya ligi kuu, alikuwa akilipwa kama dola 17,500 kwa mwaka. Mkataba huo ukaipandisha hadi 35,800. Aliyekuwa akilipwa hela ya mlinzi wa usiku aliambiwa asiguse biashara ambayo mwajiri wake anaivuna mamilioni. Kisheria ligi ilikuwa sahihi. Lakini sidhani kama kuna mtu alilala akiwa na amani zaidi kwa sababu Kelly alikosa msimu.

Ligi ina utetezi wake, na sitaupita juujuu kwa sababu ni mzuri. Inasema hivi: kubeti kulikuwapo hata kabla ya kuruhusiwa, tofauti ni kwamba sasa tunaona. Akaunti ina jina, dau lina muda, na dau la ajabu linapiga kengele. Marcano alinaswa hivyo. Mipira ya Ortiz ilistukiwa hivyo pia, baada ya kampuni inayochunguza mienendo ya madau kuona pesa nyingi zikimiminika kwenye mrusho ambao kwa kawaida haumvutii mtu yeyote. Na linganisha na kesi ya Ippei Mizuhara. Mkalimani huyu wa Shohei Ohtani, nyota wa Dodgers kutoka Japani, alifukuzwa kazi Machi 2024, Dodgers wakiwa Seoul kufungua msimu. Alikuwa amebeti takriban mara 19,000 kwa bukmeka, yaani mpokeaji madau, asiye halali huko California, jimbo ambalo mpaka leo halijaruhusu kubeti michezo. Alipiga simu benki akijifanya yeye ndiye Ohtani. Aliiba karibu dola milioni 17. Alishinda madau ya zaidi ya dola milioni 142 na kupoteza ya karibu milioni 183, yaani hata mtu anayeiba mtaji hawezi kuishinda nyumba ya kamari. Yote hayo yaliendelea kwa zaidi ya miaka miwili bila kengele kulia. Februari 2025 alihukumiwa kifungo cha miezi 57.

Kwa hiyo ni kweli: taa ya soko halali inamulika kona ambazo bukmeka wa uchochoroni angezificha. Nakubali. Lakini taa hiyo inamulika pia kitu kingine. Bukmeka wa uchochoroni ana akili yake ya kibiashara. Mtu asiyemjua vizuri akimjia na maelfu ya dola kwamba mpira wa kwanza wa awamu ya tatu utakuwa boli, atamwuliza: umejuaje? Hatapokea. Dau la mrusho mmoja, lenye mamia ya dola, linalopokelewa na programu ya simu bila swali wakati mchezo unaendelea, ni kitu kilicholetwa na soko halali lenyewe. Mizuhara, kwa taarifa za waendesha mashtaka, hakubeti besiboli kabisa. Ligi inaomba pongezi kwa kukamata panya kwenye ghala ambalo yenyewe iliacha mlango wazi.

Tunarudi kwa wachezaji, maana wao ndio wanaolala na mzigo huu. Mei 2025 Lance McCullers Jr. wa Houston Astros alirudi uwanjani baada ya kukaa nje muda mrefu kwa majeraha, akarusha vibaya dhidi ya Cincinnati, akatolewa mapema. Usiku huo akaanza kupokea ujumbe kwamba watoto wake watauawa. Polisi wa Houston walimfuatilia mtumaji. Alikuwa mbetiji aliye nje ya Marekani, amelewa, amepoteza pesa. Aliomba radhi. Mwezi huohuo Liam Hendriks wa Boston, mtu aliyepona saratani akarudi kurusha, alieleza hadharani kuhusu vitisho kwake na kwa mke wake. Zamani shabiki alikuzomea kwa sababu umeifungisha timu yake. Sasa timu yako inaweza kushinda na bado kukawa na mtu mahali fulani anayekutukana mama kwa sababu ulipaswa kutoa wapigaji sita na umetoa watano.

Na upande mwingine wa shilingi hiyo ni jamaa na marafiki. Timu zote 30 za ligi kuu zina shule zao za besiboli Jamhuri ya Dominika. Mtoto anaanza kufundishwa na wakala wa mtaani akiwa na miaka 12 au 13, anasaini akiwa na 16, na wengi wao hawafiki popote. Yule mmoja anayefika anafika akiwa na deni kwa watu wengi: aliyemnunulia viatu, aliyempa lifti, aliyelala njaa ili yeye ale. Hatuhitaji mtu wa kututafsiria maisha hayo. Kila ukoo Afrika Mashariki una mtu wake aliyefika Ulaya, Ghuba au Marekani, na simu yake haizimi. Sidai kwamba hiyo ndiyo sababu ya lolote kule Cleveland. Siijui mioyo ya wale vijana na wamesema hawana hatia. Ninachosema ni kwamba ukitafuta mahali pa kupenyeza ombi dogo lisilomwumiza mtu, simu hiyo ndiyo njia. Ombi la kufungwa mechi lisingepita hapo. Ombi la mpira mmoja linaweza.

Siku moja baada ya mashtaka kutangazwa, tarehe 10 Novemba, ligi ilitoka na dawa. Kampuni zenye asilimia 98 ya soko la kubeti la Marekani zimekubali kwamba dau la mrusho mmoja lisizidi dola 200, na lisiunganishwe kwenye mkeka wenye mechi au matukio mengine. Gavana wa Ohio, Mike DeWine, alikuwa akitaka kitu kikali zaidi, kuondoa kabisa madau ya tukio moja la mchezaji mmoja, na kwa maoni yangu yeye ndiye aliyeuona ugonjwa. Kikomo cha dola 200 kinapunguza faida ya mtu mmoja mwenye akaunti moja. Mwenye binamu ishirini wenye simu ishirini ana dola 4,000 kwa mpira. Halafu kuna sisi wengine ambao hatumo kwenye asilimia 98 hiyo. Saa nane usiku, ligi za soka zikiwa zimelala, programu za kubeti za Dar es Salaam na Nairobi zinakuonyesha mechi za MLB zikiwa ndiyo kwanza zinaanza, na zipo simu zinazowaka vyumbani kwa ajili ya Milwaukee na Tampa Bay mikononi mwa watu ambao hawajawahi kuona mechi moja ya besiboli ikichezwa mbele ya macho yao. Wanafuata namba. Makubaliano ya Novemba hayakuandikwa kwa ajili ya kampuni za huku.

Bado kuna nafasi moja ya kulirekebisha hili, na ninaogopa itapita kimya. Mkataba kati ya wamiliki na chama cha wachezaji unamalizika tarehe 1 Desemba 2026. Kelele zote sasa hivi ni za ukomo wa mishahara. Wamiliki wa timu ndogo wanawaangalia Dodgers, mabingwa wa 2024 na 2025, na mkataba wa Ohtani wa dola milioni 700 ambao milioni 680 zimeahirishwa, wanamwangalia Juan Soto na milioni 765 za New York Mets, wanasema haiwezekani. Wachezaji wanasema ukomo hautakuja wakiwa hai. Julai 2025 Bryce Harper wa Philadelphia Phillies alimwambia Manfred usoni, chumbani kwa timu hiyo, kwamba kama amekuja kuzungumzia ukomo wa mishahara atoke. Wengi wanatarajia wamiliki kufunga milango, yaani kuwazuia wachezaji kufanya kazi hadi wakubaliane. Katika vita ya mabilioni, boli ya kwanza ya awamu ya tatu ni kitu kidogo sana.

Ndiyo maana chama cha wachezaji kinapaswa kukileta mezani chenyewe, maana wanachama wake ndio wanaotishiwa watoto na ndio wanaofungiwa. Madai yawe wazi: hakuna dau linaloamuliwa na tendo moja la mtu mmoja, mahali popote ambapo takwimu rasmi za ligi zinauzwa. Ligi inayo nguvu hiyo, kwa sababu bila takwimu zake za papo hapo biashara ya mrusho mmoja haiwezi kwenda. Inatosha kuandika sharti kwenye mkataba wa mauzo. Wamiliki watasema madau hayo ni sehemu ndogo tu ya biashara ya kubeti, jambo ambalo wamekuwa wakilisema kila yanapozungumzwa. Vizuri. Kama ni madogo, kuyaondoa hakumpunguzii mtu chakula mezani. Na kama si madogo, waweke hesabu hadharani: kwa mwaka mrusho mmoja unaingiza kiasi gani, na kati ya hizo ni senti ngapi zinazofika kwa aliyeurusha.